Usimrudishe Aliyekukimbilia

Wapendwa, tukitaja wakimbizi hapa Mara, mawazo yetu huenda Kigoma, kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta. Na likija suala la kurekebisha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, wengi wetu husema iwe kali zaidi. Mimi pia nataka irekebishwe. Ila namfikiria mkimbizi mwingine, asiyekimbia vita.

Ni binti wa Kikurya anayevuka mpaka kwa miguu mwezi wa Desemba, kando ya Sirari, kwa sababu ngariba ameshaitwa. Wairege na Wanyabasi wako Kenya, na wako Tarime pia. Akifika kituo cha Masanga, au Nyumba Salama ya Mugumu kule Serengeti, amekiepa kisu. Lakini hana karatasi. Sheria inampa siku 7 ajitokeze aombe hifadhi, wala haitaji ukeketaji miongoni mwa mambo ya kukimbiwa. Hapo anageuka mhamiaji haramu.

Mwaka huohuo wa 1998 Bunge letu lilifanya ukeketaji kuwa kosa la jinai, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 tu. Kenya, mwaka 2011, ilimlinda mwanamke wa umri wowote. Basi dada wa miaka 19 anayelindwa akiwa Isebania, akiburutwa hatua chache mpaka Sirari, kifungu chetu hakimhusu tena. Sheria mbili za mwaka mmoja, na zote mbili zimempita.

Nalijua jibu la wazee wetu: "Ni mtoto wa watu, arudishwe kwa wazazi, Kenya nako kuna serikali." Serikali ipo, ndiyo. Lakini wajomba wanaomtafuta wako karibu naye kuliko serikali, na ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa. Kumrudisha ni kumkabidhi.

Someni Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 15 na wa 16. Mtumwa aliyemtoroka bwana wake asirudishwe. Akae mahali atakapopachagua mwenyewe, wala asionewe. Musa hakuuliza mtumwa yule ametoka nchi gani. Kama mtumwa, mali ya mtu kwa desturi za siku zile, alistahili hayo, binti yetu amekosa nini? Na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa wetu huuhuu, alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi. Tunajivunia nishani, halafu tunamfukuza mtoto mlangoni.

Wabunge wetu wa Tarime na Serengeti huja kusali nasi wakati wa Krismasi, na tunawapa nafasi ya kusalimu. Safari hii baraza la wazee liwakabidhi barua yenye maombi mawili: Sheria ya Wakimbizi itaje ukeketaji kwa jina, na ule ukomo wa miaka 18 uondolewe. Nami nitaitia sahihi.