Trakoma: kwa nini vidonge peke yake havijatosha Kongwa

Kama unaishi Kongwa au wilaya jirani za Dodoma, huenda umewahi kusimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu, ukahesabiwa vidonge na kuvimeza hapo hapo mbele ya mgawa dawa. Hiyo ni azithromaisini, kingatiba ya trakoma, ugonjwa ambao wengi tunauita vikope. Kampuni ya Pfizer inaitoa bure, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea, mwaka 1999.

Tangu hapo Malawi imethibitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuwa imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2022. Burundi ikafuata Julai 2025. Sisi bado. Kipimo kimojawapo ni kwamba watoto wa miaka 1 hadi 9 wenye dalili wawe chini ya 5 katika kila 100.

Kwa nini bado, wakati dawa ni ile ile?

Vinavyoenea

Trakoma inasababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Anakaa kwenye tongotongo na makamasi ya mtoto. Kutoka hapo ana njia tatu: mikono, nguo na nzi. Fikiria upindo mmoja wa kanga unaofuta macho ya watoto watatu asubuhi moja. Fikiria pia nzi wanaotua kwenye uso mmoja kisha mwingine. Nzi hawa huzaliana zaidi kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, ndiyo maana choo nacho kinaingia katika habari ya macho.

Kuambukizwa mara moja hakupofushi mtu. Kinachopofusha ni kurudiwa, mwaka baada ya mwaka. Upande wa ndani wa kope unapata makovu, makovu yanavuta kope kuelekea ndani, na nywele za kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Mwishowe kioo kinapata ukungu mweupe. Wanawake wanaumia zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Mama huambukizwa na wale anaowalea, na bibi vivyo hivyo.

Vijiji viwili, dawa moja

Watafiti walifuatilia vijiji viwili vya Tanzania baada ya kugawa azithromaisini kwa kijiji kizima. Kahe Mpya, wilayani Rombo, Kilimanjaro, kilianza na maambukizi kwa chini ya mtu 1 katika 10. Baada ya mzunguko mmoja wa dawa, na mafuta ya macho ya tetrasaiklini kwa walioonekana na dalili baadaye, miaka miwili ilipotimia maambukizi yalikuwa karibu yameisha.

Maindi, wilayani Kongwa, kilianza na zaidi ya nusu ya watu wakiwa wameambukizwa. Dawa ilifanya kazi yake na maambukizi yakashuka sana ndani ya miezi miwili. Lakini hayakuisha. Kabla ya miaka miwili kutimia yalikuwa yameshaanza kupanda tena.

Kwa hiyo tusiseme vidonge havifai. Vinafagia nyumba, ila mlango unabaki wazi. Palipo na ugonjwa mwingi, mzunguko mmoja hautoshi, na hata mizunguko mingi inahitaji kusaidiwa na kitu kingine.

Uso safi, na maji yako wapi?

Kitu hicho kilipimwa Kongwa kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, vijiji sita vilipewa mafuta ya tetrasaiklini, na vitatu kati ya hivyo vikaongezewa uhamasishaji wa kunawisha watoto uso. Watoto ambao nyuso zao zilibaki safi muda wote walikuwa na trakoma kali kidogo kuliko wenzao. Tatizo ni kwamba hata katika vijiji vilivyohamasishwa, watoto wengi hawakufikia hali hiyo.

Hapa ndipo mazungumzo huwa magumu. Dodoma mvua ikikatika Aprili au Mei, mara nyingi hairudi hadi Novemba au Desemba. Mama aliyetembea mbali na dumu la lita 20 kichwani ana mahesabu yake: kupika, kunywa, mbuzi, kisha mengine. Kumwambia anawishe watoto kila siku bila kuzungumzia dumu hilo ni kumdharau.

Hata hivyo, uso wa mtoto haumalizi dumu. Ilipoonyeshwa mbele ya wanakijiji wa Kongwa, maji waliyodhani yanahitajika yalikuwa mengi kuliko yaliyotumika kweli. Kikombe kidogo kinatosha uso mmoja, au kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo. Sabuni ni nzuri kwa mikono, lakini usisubiri sabuni ndipo umnawishe mtoto uso. Muhimu ni tongotongo na makamasi yatoke, na kila mtoto awe na kitambaa chake.

Suala hili sasa lina haraka. Vidonge ni vya bure, lakini kuvifikisha kijijini kuna gharama, na sehemu kubwa ilibebwa na fedha za Marekani ambazo mwaka 2025 zilikatwa. Kwa maoni yetu, wilaya isiyo na uhakika wa mzunguko ujao wa dawa haiwezi kuendelea kuhesabu pampu mbovu kama jambo la idara nyingine. Kwenye mkutano wa kijiji, uliza kisima kilichoharibika kitatengenezwa lini, na kama RUWASA wameshaarifiwa.

Nyumbani kwako

Kingatiba ikija, kila mtu ameze, hata asiye na dalili. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi vidonge. Hupewa mafuta ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6.

Kisha mwangalie bibi. Kama anang'oa kope kwa kibanio, anakwepa jua au anatokwa machozi kila wakati, mpeleke kituo cha afya. Kung'oa kunampa nafuu ya muda tu, halafu kope zinaota tena. Upasuaji hufanywa kwenye kope, si ndani ya jicho. Anachomwa sindano ya ganzi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukungu ukishafunika kioo cha jicho, upasuaji huo haurudishi uwezo wa kuona uliopotea.