Taifa la Nani?

Chama cha Kiswahili cha Taifa (CHAKITA) kilipoundwa mwaka 1998, neno "taifa" lilibeba dai zito ambalo wingi wa makongamano hauwezi kulithibitisha. Mkaazi wa Nyalenda, Kisumu, ajigambaye kwa pakruok katikati ya muziki, naye ni mtunzi wa fasihi ya Kenya. Riwaya ya Grace Ogot, *Miaha* (1983), iliandikwa kwa Kijaluo; mwaka 1989 ikafasiriwa kwa Kiingereza. Je, lugha ya taifa ilikuwa wapi? Wapo wadaio kuwa kuzihakiki fasihi za makabila ni kuchochea ukabila. Hoja hii ni potofu: ukabila hustawi pale jirani asipomsikia jirani. Basi kazi ya kwanza ya chama cha taifa ni kuzifasiri na kuzihakiki tungo hizo kwa Kiswahili.