Kabla hujafungua redio, pima waya!

Jamani, hii tabia imenichosha. Mtu wa redio za ridhaa anabonyeza kitufe cha kuongea, redio inazima, na papo hapo keshashika bisibisi. Ati transista zimeungua. Umepima nini? Hakuna.

Na wanaopima hupima redio ikiwa imetulia: volti 13.8, "umeme uko sawa". Sawa wapi? Redio ya wati 100 ikisikiliza tu hula ampea moja au mbili. Ikirusha hufika 20. Volti zinazopotea kwenye waya hupanda pamoja na mkondo, kwa hiyo kipimo hicho hakijakwambia lolote. (Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo huo: "kwangu inafanya kazi!")

Piga hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban ohmu 0.012 kwa mita. Mita tatu kwenda, tatu kurudi, ampea 20: volti 1.4 zimeyeyuka. Ongeza kishikio cha fyuzi chenye kutu na uko chini ya 12. Redio nyingi hukubali kushuka asilimia 15 tu, yaani 11.7. Waya wa spika wa alumini iliyopakwa shaba ni balaa zaidi. Ukwangue kwa kisu, utaona weupe.

Pima kwenye tundu la redio yenyewe, huku ukirusha kwenye mzigo bandia. Volti zikianguka, zima, gusa viungio: chenye joto ndicho mwizi. Weka waya wa milimita 6, upotevu unabaki volti 0.4 hivi. Bisibisi irudi sandukuni.