MAONI: Kusimama si Kushindwa



Kila asubuhi ninapopita njiani nikiwa nimevaa raba zangu, hakosekani mtu wa kunitania: "Wewe tayari ni mkimbizi, unakimbia wapi tena?" Nami hucheka, kwa sababu utani huo una ukweli. Wengi wetu tuliofika hapa Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 tulikimbia kweli. Wengine walitembea siku nyingi porini na watoto mgongoni, wengine walivuka Ziwa Tanganyika usiku. Katika mbio zile hapakuwa na ruhusa ya kusimama. Ukichoka unaendelea. Ukiumia unaendelea.

Leo tunafanya futingi, kama tulivyozoea kuiita tangu Kongo, kwa hiari yetu wenyewe. Hakuna anayetufukuza. Lakini nikiangalia vikundi vyetu, naona wengi bado tunakimbia kama watu wanaofukuzwa. Mtu ana homa, anakimbia. Goti limevimba, anakimbia. Hajala tangu jana mchana, anakimbia, na akisimama anaona aibu. Maoni yangu katika ukurasa huu ni haya: mbio za hiari zina haki ya kusimama, na anayejua kusimama mapema ndiye atakayekimbia miaka mingi.

Sisemi kama daktari. Mimi ni mhamasishaji wa afya katika kanda yetu na ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha futingi. Ninayoyaeleza nimeyapata kwenye semina za afya, na mengine nimeyapata kwa makosa yangu mwenyewe.

Makosa yangu mawili

Msimu mmoja wa mvua nilianza kuhisi miguu mizito. Viungo viliuma na kichwa kiligonga. Nikajiambia ni mazoezi tu, kwa kuwa juzi yake tulikuwa tumepanda kilima mara mbili. Nikanunua vidonge vya maumivu sokoni, nikameza, nikaendelea kukimbia siku tatu. Siku ya nne sikuweza kuinuka kitandani, nilikuwa natetemeka chini ya mablanketi mawili. Mke wangu na jirani walinifikisha posti ya afya wakiwa wamenishika mikono. Kidole kikachomwa, kipimo kikaonyesha malaria. Muuguzi aliniangalia akasema: "Si wewe unayepita nyumba kwa nyumba ukiwaambia akina mama homa isilale ndani?" Sikuwa na jibu. Wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Katika kikundi chetu kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akibaki nyuma kila siku. Anahema haraka, anashika kiuno, anasimama. Siku moja nilimwita goigoi mbele ya wenzake, nao wakacheka. Hakurudi tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekwenda kliniki, akapimwa damu na kukutwa ana upungufu mkubwa. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, halafu akasema: "Kaka, mimi nilijua nimechoka. Sikujua kama naruhusiwa kusema." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi katika jarida hili.

Uchovu si wa aina moja

Uko uchovu wa mazoezi yenyewe. Huu si adui. Unakuja baada ya kukimbia zaidi ya ulivyozoea, misuli ya mapaja na vigimbi inakaza pande zote mbili, inauma zaidi siku ya pili au ya tatu, halafu inaachia. Dawa yake ni kupumzika siku moja au mbili, kunywa maji, kulala na kutembea polepole.

Uko uchovu wa njaa, na huu hatuuzungumzii kwa sababu ya aibu. Tufanye hesabu pamoja. Kiwango kinachotumika kupangia chakula cha mkimbizi mmoja ni kalori 2,100 kwa siku, na sote tunajua kwamba posho yetu imepunguzwa chini ya hapo mara nyingi. Mtu mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 1 anatumia takriban kalori 60. Akizunguka kilomita 8 ametumia karibu kalori 480, yaani karibu robo ya posho kamili ya siku nzima. Kama posho ni nusu, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Na bado kuna kuchota maji, kutafuta kuni na kulima bustani. Kwa hiyo posho inapopungua, mbio nazo zipungue. Kilomita 3 za polepole mara tatu kwa wiki zinatosha kunyoosha mwili na kupunguza mawazo. Yule anayekonda huku anaongeza kilomita hajengi mwili wake, anautafuna. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma wakati anakimbia sana na kula kidogo, hiyo si kawaida, na vilevile inaweza kuwa mimba. Aende kliniki.

Uko uchovu wa damu kidogo. Dalili zake ni kuhema kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, macho na viganja kuwa vyeupe. Hauondoki kwa kupumzika siku mbili, wala hauondoki kwa kujikaza. Unapimwa kliniki na kutibiwa. Nyumbani tujisaidie kwa maharage, sombe, matembele na dagaa pale vinapopatikana. Tusinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Pera, chungwa au ndimu vinasaidia mwili kuyachukua.

Na uko uchovu wa ugonjwa. Malaria inaanza kama uchovu wa futingi: viungo, kichwa, unyonge. Ndiyo maana ilinidanganya. Kanuni yangu sasa ni rahisi. Mwili ukiuma pamoja na joto, baridi au kichwa, siku hiyo sikimbii, na ndani ya saa 24 nakwenda kupimwa. Kama si malaria, nimepoteza asubuhi moja tu. Kama ni malaria, nimeiwahi.

Maumivu ya kusikiliza

Maumivu ya misuli yanaenea. Maumivu ya mfupa au kano yana mahali pake, unaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Ukibonyeza ugoko na sehemu moja inauma sana, na ikawa inaendelea kuuma hata umelala, mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Huo haupoi kwa kukimbiliwa. Unahitaji wiki kadhaa bila mbio, na mhudumu wa afya auone. Goti au kifundo cha mguu kikivimba, acha kukimbia, funga kitambaa kilicholowekwa maji baridi, uinue mguu. Ukishindwa kuukanyaga, nenda posti ya afya siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mbio si ya kungoja hata kesho.

Kwa maumivu madogo natumia kipimo hiki: je, yananibadilisha namna ninavyokanyaga? Kama nachechemea, narudi nyumbani nikitembea.

Tuseme na juu ya viatu. Raba nyingi tunazonunua za mitumba zimeshakufa ndani, soli imekuwa ngumu kama ubao. Bado ni bora kuliko kandambili, ambazo si za kukimbilia. Ukiwa na raba ngumu, punguza kilomita na ukimbie kwenye udongo laini pembeni ya barabara. Anayekimbia pekupeku aangalie nyayo zake kila jioni kwa ajili ya funza na majeraha. Jeraha lililoingia udongo lioshwe kwa maji na sabuni na kupelekwa kliniki, kwa sababu pepopunda ipo.

Vidonge vya sokoni

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Imekuwa tabia kwa vijana kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia ili wasisikie maumivu. Ndugu zangu, hicho ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi wa usiku kwa sababu anapiga kelele. Mwizi anabaki palepale. Dawa hizo kwenye tumbo tupu zinaweza kuleta vidonda na kutoa damu tumboni, na ukiwa huna maji ya kutosha mwilini zinaumiza figo. Tena vidonge vya maumivu vinashusha homa, kwa hiyo vinaficha malaria. Mimi vilinifichia siku tatu. Dawa ipewe na mhudumu, na kama unahitaji kidonge ili uweze kukimbia, basi siku hiyo si ya kukimbia.

Kurudi nyuma na kuanza tena

Wapo watakaosema: "Ukimsikiliza kila anayelalamika, hakuna atakayefika popote. Mbona wale wa Kakuma walifika Olimpiki?" Swali zuri, tuwaangalie hao. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Rio ikiwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini walioishi kambi ya Kakuma, Kenya. Mkuu wa msafara alikuwa Tegla Loroupe, Mkenya aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994 na 1995. Mmoja wa vijana wale, James Nyang Chiengjiek, ameeleza kwamba mwanzoni waliumia sana kwa sababu ya kuvaa viatu visivyofaa na kuazimana. Hawakufika kwa kupuuza majeraha hayo. Walipelekwa Ngong, wakapata kocha, viatu, chakula na tiba. Sisi hatuna Ngong. Ndiyo maana tunahitaji tahadhari zaidi yao, si pungufu.

James huyohuyo alirudi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Katika mbio zake za mita 800 alijikwaa, akaanguka. Aliinuka akamaliza wa mwisho. Nawapenda vijana wetu wajue na hilo. Kuanguka kumempata hata mtu aliyeandaliwa na kocha, mbele ya dunia nzima.

Kwa sisi wa kawaida, kurudi nyuma ni malaria, ni kifundo kilichoteguka, ni mwezi wa posho ndogo, ni msiba. Unaporudi usianze pale ulipoachia. Baada ya malaria maliza dozi yote hata kama umepata nafuu siku ya pili. Halafu tembea siku kadhaa. Ukiona unatembea nusu saa bila kuchoka, kimbia dakika moja utembee mbili, na uongeze kidogo kidogo. Wiki moja au mbili za kupumzika haziondoi pumzi uliyoijenga kwa miezi. Zinaondoa kiburi tu.

Najua pia kwamba wengine wanakimbia kwa sababu ya mawazo, na siku wasipokimbia usingizi haupatikani. Nawaelewa, mimi ni mmoja wao. Siku ya kupumzika tembea na rafiki, au kaa na wazee mzungumze. Na kama mawazo yanazidi, washauri nasaha wapo katika vituo vyetu vya afya, na kwenda kwao si wazimu.

Ombi kwa viongozi wa vikundi

Kwanza, neno "goigoi" lifutwe. Katika kikundi chetu sasa, kabla ya kuanza, tunaulizana: nani ana homa, nani ana maumivu, nani hakula jana? Anayejibu hachekwi, anapewa kazi ya kutembea na wa nyuma. Pili, kikundi kifuate mwendo wa mwenzao wa mwisho angalau siku moja kwa wiki. Tatu, tuanze kukiwa kumekucha, na dada zetu wasiachwe peke yao njiani. Anayesimama abaki na mwenzake. Nne, kila kikundi kimjue mhamasishaji wa afya wa kanda yake.

Yule dada alirudi kwetu baada ya miezi minne, akiwa amemaliza matibabu yake. Bado anasimama mara mbili au tatu katika mzunguko, anapumua, anaendelea. Wiki iliyopita mimi ndiye niliyesimama kwanza, goti la kushoto lilikuwa linauma. Alisimama nami, tukarudi tukitembea hadi barazani kwangu. Jirani yangu mtani alikuwapo. Akauliza: "Leo mmechoka kukimbia?" Nikamjibu ndiyo, leo tumechoka, kesho kutwa tutaona.