Geti kali na kangomba wa ada

Wa Shangani, Chuno, Ligula na Majengo mpo? Na nyie mliojichimbia Mbagala mkijifanya mmesahau hata ladha ya ming'oko, mpo? Mtwara kuchele! Mwenzenu nipo, ila wiki hii roho haijatulia. Mkiniona nacheka mahali pa kulia mnisamehe, ndivyo nilivyoumbwa.

Binti wa dada yangu, mzaliwa wa Ziwani, anasoma kwenye chuo kimoja kidogo cha wasichana hapa mjini. Jina la chuo nalifunika na kawa, msianze kunidadisi. Ni nyumba moja ndefu ya bati, madarasa matatu, bweni moja, cherehani kumi na mbili na kompyuta tano, na katika hizo tano moja ni pambo. Wanafunzi hawafiki hamsini. Wanajifunza ushonaji, upishi na kompyuta, miaka miwili, halafu cheti.

Na geti. Weee, geti! Wale mnaoimba habari za mtoto wa geti kali mkidhani ni binti wa mkubwa fulani mwenye mbwa, njooni muone geti lenyewe. Kutoka nje ni Jumamosi tu, saa nane mpaka saa kumi na moja. Saa mbili usiku simu zote zinakusanywa na matroni, kila moja kwenye kifuko chake chenye jina, kama dawa za hospitali. Mgeni wa kiume anayeruhusiwa ni baba, kaka au mjomba, na anapokelewa chini ya mwembe, matroni kakaa hatua tano anachambua mchele na masikio yako wazi kama ya sungura.

Sasa wasichana nao si wajinga. Kuna mmoja pale ana kaka wanane, na kila kaka ana kabila lake. Matroni juzi kamuuliza, "Hivi mama yako alizaa peke yake au walisaidiana mtaa mzima?" Bweni zima likaanguka kwa kicheko. Na muuza ming'oko anayepita nyuma ya ukuta jioni, akipiga kikohozi mara mbili, basi ujue mia tano tano zinapita juu ya ukuta zikifuatwa na chumvi na pilipili. Ubao ukipiga, sheria zinalala.

Nayajua haya kwa sababu na mimi nilikuwa mtoto wa geti kali. Mwaka 1998 nilikaa kwenye chuo cha aina hiyohiyo, cha wasichana watupu, hapa Kusini. Sisi tulikuwa na taipureta. Mwalimu alikuwa anafunika mikono yetu kwa kitambaa ili tupige bila kuangalia, na ukikosea herufi anakugonga rula kidoleni. Enzi hizo kwenda Dar ilikuwa safari kweli. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo ni pantoni, na mvua zikinyesha barabara inageuka supu, ukikosa meli umekwama. Kwa hiyo chuo kidogo cha jirani ndio kilikuwa Ulaya yetu.

Kitanda cha juu yangu alilala binti mmoja kutoka bara ya huku kwetu, mweupe wa roho, mcheshi, na kwenye taipureta hakuna aliyemfikia. Akipiga, unasikia kama mvua ya bati. Mwalimu alishasema huyu atapata kazi kabla hajamaliza. Ada yake ililipwa na mchumba. Sisi tulimwonea wivu, si unajua tena, mchumba analeta sabuni za kunukia na biskuti, wengine tunaoga na kipande cha mbuni.

Miezi miwili kabla ya mtihani mchumba akaja na pikapu. Akasema shughuli zake zimehamia mbali, anahitaji mke wake nyumbani. Binti akalia, akasema amalize mtihani kwanza. Jamaa hakufoka, hakutukana. Alitoa risiti zote mfukoni, akazipanga juu ya meza ya ofisi moja moja, kama anayecheza karata. Zote zina jina lake.

Geti lile lile lililomrudisha kaka yangu wa tumbo moja kwa sababu hakuwa na barua, siku hiyo lilifunguliwa pande zote mbili ili pikapu ipite. Nilimsaidia kubeba godoro. Sijamuona tena mpaka leo ninapoandika.

Basi bwana. Turudi mwaka huu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumtazama binti yetu. Nikamkuta ana simu mpya na mkoba unaong'aa. Nikauliza, akatazama chini. Nikamuuliza matroni kuhusu ada ya muhula, akanambia, "Imelipwa yote, mama, tena mapema. Kaja mjomba wake na bwana mmoja mwenye gari." Miguu ikaniisha nguvu.

Hapa wa kutoka mikoa mingine inabidi niwaeleze kitu. Kwetu huku kuna mtu anaitwa kangomba. Korosho mnada wake huanza kwenye mwezi wa kumi. Lakini njaa haingoji mnada. Mwezi wa saba, wa nane, mkulima hana kitu, mtoto anaumwa, sare zinadaiwa, shamba linataka kupaliliwa. Hapo ndipo anapokuja kangomba na hela taslimu. Anakununulia korosho zikiwa bado ni maua, kwa bei anayoitaka yeye. Msimu ukifika anakuja na magunia, na wewe uliyelima unabaki kumsaidia kubeba. Serikali imempiga marufuku, na mwaka 2018 ikamkalia kooni hasa, lakini shida haijawahi kupigwa marufuku, kwa hiyo na yeye hajaisha.

Sasa yule bwana mwenye gari ni nani kama si kangomba? Kaja mwezi wa nane wakati dada yangu hana hata ya chumvi. Kalipa laki tatu na ushee. Tena mjanja: hakwenda kwa baba wa mtoto, kaenda moja kwa moja kwa mjomba, kwa sababu ameshajua kuwa kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli. Mtu kafanya utafiti! Na mjomba mwenyewe ni kaka yangu, yule yule aliyenyimwa kuingia getini mwaka 1998. Nilicheka kwa uchungu.

Kuna watakaosema, shangazi yetu wa gazetini, sheria si ipo? Ipo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ukimuoa au ukimpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka thelathini jela. Lakini someni vizuri: msingi na sekondari. Wa chuo keshakuwa mtu mzima, hapo hakuna wa kumshitaki mtu. Na ada hivyo hivyo. Tangu 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hakuna ada, na tangu 2022 kidato cha tano na sita nao wamefutiwa. Mzazi anazoea. Binti akivuka akaingia chuo kidogo kama hiki, anapokelewa na karatasi ya malipo ndefu kama ya harusi. Bodi ya Mikopo kwa muda mrefu ilikuwa ya vyuo vikuu, ikaanza kuwakopesha wa stashahada kwenye mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa. Wa cheti cha cherehani na kompyuta? Hajaitwa. Wenzake wa chuo kikuu wanangoja bumu, yeye anangoja korosho.

Na korosho nazo mnazijua. Novemba 2018, Serikali iliposema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kusomba, wapo waliopata chao upesi na wapo waliongoja miezi. Karani wa chuo hangoji miezi. Anabandika majina ukutani Ijumaa, Jumatatu unafungasha.

Ndio maana geti linanichekesha. Linakagua kaka wanane wa uongo, linanusa simu, linapima sketi. Lakini hela ya ada inaingia bila kuulizwa imetoka wapi. Tena inapewa kiti.

Msidhani nayatunga. Ukivuka kwenda Unguja, pale Mbweni kuna magofu, siku hizi yako kwenye viwanja vya hoteli, watu wanapigia picha za harusi. Ilikuwa shule ya wasichana ya St Mary's, ya misheni ya Waanglikana iliyoitwa UMCA, kwa ajili ya mabinti waliookolewa utumwani. Kuanzia 1877 mpaka 1902 iliongozwa na mama wa Kiingereza, Caroline Thackeray. Waliokuwa wepesi wa vitabu walifunzwa ualimu, wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono, kushona, kupika na kufua. Ukitoa taipureta, ni chuo changu kabisa! Ada hawakulipa, wangelipa na nini, watoto waliotolewa majahazini? Misheni ililipa kila kitu. Na misheni ikawa na kauli juu ya nani aolewe na nani. Wengi waliolewa na vijana waliosoma Kiungani, chuo cha wanaume cha misheni hiyohiyo, wakapelekwa kufundisha mbali, na wengine wakaangukia kwetu, Masasi, pale ambapo Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 na kundi la watu walioachwa huru. Sikatai, walitoka kwenye minyororo na wakawa walimu, na Kusini inawadai shukrani. Ila nilipokuwa nimesimama kwenye yale magofu nilimkumbuka wa kitanda cha juu na zile risiti mezani. Aliyelipa ndiye aliyepanga safari.

Nikapanda bodaboda mpaka Ziwani. Vumbi mpaka kwenye kope. Kaka yangu nikamkuta barazani, kachafua uso kabla sijashuka.

"Dada umekuja kugomba."

"Nimekuja kula. Kugomba baadaye."

Tukala ugali wa muhogo na pweza, kisha tukagombana vizuri. Kaka si mtu mbaya, jamani. Alisema, "Wewe uko mjini unaandika magazeti. Mtoto aliwekwa kwenye orodha ya kufukuzwa. Nikupigie simu, ungetoa laki tatu?" Hapo alinipata. Nisingezitoa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba miezi miwili, na mwezi huo nilikuwa nimenunua kochi. Tena la kukopa. Nilikaa kimya mpaka kuku wakapita mara mbili.

Halafu binti mwenyewe, niliyedhani ameshalewa simu mpya, tulimwomba ruhusa Jumamosi akaja. Dada akamuuliza mbele yetu, unamtaka huyu bwana? Akasema, "Mama mdogo, si mbaya. Ananiheshimu. Lakini ameshanambia Januari nihamie kwake, na mimi mwaka wa pili ndio tunafundishwa kukata suti." Alisema suti, si cheti, si maisha bora. Anataka kujua kukata kola ya koti. Mimi kwa hiyo kola nilikuwa tayari kuuza kochi.

Na kweli nililiuza, kwa hasara, aliyelinunua anasoma safu hii na anacheka. Dada ana mchezo wa upatu na wenzake, wale wale waliochezana ngoma ya unyago wa binti huyu. Zamu haikuwa yake, mwenye zamu akampisha. Kaka akaongeza elfu arobaini aliyosema hana. Ilipungua kidogo, simu mpya ikafunga hesabu, maana tulimrudishia kwenye boksi lake.

Tulikutana na yule bwana karibu na stendi. Nilijiandaa kwa matusi, nikavaa hata raba. Kumbe kijana mstaarabu, kanywesha watu soda. Akahesabu hela mara mbili, akasema, "Sasa mama mdogo, mimi sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kusaidia." Nikamwambia asante, na kama nia ni hiyo, geti lipo, Jumamosi saa nane, chini ya mwembe, akasubiri kama wengine. Akauliza ataingia kama nani. Kaka yangu akasema, "Jiandikishe kaka wa tisa."

Jumatatu nilikwenda na dada ofisini kwa karani. Tukamwomba afute jina kwenye kitabu cha malipo. Akagoma, eti hesabu zimeshafungwa, ada ni ada, jina lina kazi gani? Tulisimama pale tangu saa tatu. Saa tano na nusu akatafuta kalamu nyekundu, akakata lile jina, akamtazama dada yangu na khanga yake iliyopauka. "Niandike nani?"

Dada akataja jina lake, matatu yote, polepole, na akamngojea mpaka amalize kuandika.

Safu imejaa, mhariri ananikodolea macho. Wale wenye geti kali na mikasa yake, niandikieni. Wiki ijayo nitawapa ya yule mwenye kaka wanane, maana wawili walifika siku moja.