MTOTO NA AULIZE

Mfereji uliozibwa na taka watosha kuwa kitabu cha uraia. Mkazi wa Mlabani, Ifakara, ajua maana ya maneno haya. Kwani masika ikifika na mto Lumemo ukifurika, maji hayamwulizi mtu cheo chake.

Lakini darasani mtoto wake huambiwa: taja kazi tatu za serikali ya mtaa. Hutaja zote, hupata vema, kisha hurudi nyumbani akiruka mfereji ule ule. Jina la somo limebadilika mara nyingi: Siasa, Uraia, Uraia na Maadili, na katika mitaala ya mwaka 2023, Historia ya Tanzania na Maadili. Desturi ya kukariri haijabadilika.

Sisi twasema mwalimu na aanze na tatizo. Mfereji huu ni wa nani? Nani auzibue, na kwa fedha gani? Watoto wakaupime, wawasikilize wazee, wamwendee mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa Novemba 2024, kisha warudi wabishane na kuandika shauri lao. Hapo watajua tofauti ya mtaa, kata na halmashauri, kwa sababu wameihitaji.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1969 chuo cha waganga cha McMaster, nchini Kanada, kilianza kuwapa wanafunzi taabu ya mgonjwa kwanza, ndipo watafute elimu ya kuiondoa. Na miaka miwili kabla yake, Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi.

Wako watakaosema madarasa yamejaa na mtihani wangoja. Ni kweli; basi tatizo moja kwa muhula latosha. Hofu yetu ni nyingine: kwamba viongozi wetu wenyewe watawafukuza watoto mlangoni, wakidhani swali ni utovu wa adabu. Ndugu wanachama, anayeogopa swali la mtoto wa darasa la tano atawajibuje mkulima na mfugaji wanaogombea ardhi ya bonde la Kilombero?

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Mwenyekiti na afungue mlango, aonyeshe hesabu za mtaa, aseme kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba fedha hakuna. Mtoto aliyejibiwa leo, kesho atahudhuria mkutano wa mtaa. Aliyefukuzwa atazeeka akiruka mfereji.