Kiongozi awe mkweli kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya viongozi wa mahali pa kazi, hasa wale wenye sura mbili, moja ya mkutanoni na nyingine ya ofisini.

Viongozi wa aina hii tunawajua. Mkuu wa kazi anahimiza wenzake wafike saa moja na nusu, naye anaingia saa nne. Mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio ni wa wadogo tu. Mkutanoni anasema mlango wake u wazi, lakini mfanyakazi akienda kumweleza kasoro anaitwa mchochezi. Wafanyakazi hawabishani naye, wanamwiga tu. Haipiti muda ofisi nzima inajifunza kusema yanayompendeza mkubwa na kutenda yanayomfaa kila mtu binafsi.

Hasara yake si ndogo. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wengi waliandikishwa, na shule nyingi zikapungukiwa madawati na vyumba. Katika shule moja niliyopata kufundisha, tulipoarifiwa kuwa mgeni kutoka juu anakuja, mkuu wetu aliagiza madawati yaazimwe shule ya jirani. Mgeni akaona, akasifu, akaandika katika kitabu cha wageni kwamba hali ni nzuri. Kesho yake madawati yalirudishwa na watoto wakarudi sakafuni. Sasa nani ataleta madawati katika shule ambayo imeandikwa kwamba haina upungufu? Na watoto wale, ambao ndio walioyabeba kwenda na kurudi, walijifunza nini kwetu?

Nchi yetu haikosi mifano mizuri. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakalalamikia pia maisha ya anasa ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, lakini hapo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Na mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio hilo, Mwalimu alieleza wazi kwamba Tanzania bado haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Angeweza kuhesabu mafanikio tu na watu wangempigia makofi.

Masharti yale ya uongozi yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao. Sheria hiyo ni nzuri, lakini fomu huhesabu nyumba na magari. Haiwezi kuonyesha kama mkuu wa kazi anayatenda anayowaambia walio chini yake.

Wapo wanaodhani kuwa mkweli ni kufoka na kumwaga kila lililo moyoni mbele ya watu. Huo si ukweli, ni ukosefu wa adabu. Kiongozi mkweli anaweza kuwa mpole, hata mwenye maneno machache, ili mradi neno lake la leo lionekane katika kazi yake ya kesho.

Lakini tusiwalaumu wakuu wadogo peke yao. Wengi wanaficha upungufu kwa sababu anayeusema huambiwa ameshindwa kazi, na anayeuficha hupandishwa cheo. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mkuu wa kazi asaini daftari la mahudhurio pamoja na wenzake, kwa saa aliyofika kweli. Pili, wakaguzi na wageni wa serikali wafike mara kwa mara bila kutangaza. Tatu, anayetoa taarifa ya kweli juu ya upungufu asiadhibiwe kwa taarifa hiyo, bali asaidiwe.

Njia ya mwongo ni fupi, Ndugu Mhariri, lakini wanaoumia mwishoni ni watoto wanaoandikia magotini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini, Mkoa wa Tabora.